Tupeane uzoefu: Mnaitwa mkutane mliosoma pamoja, ukijitazama unaona nini?

Mchapaji wa Kahama:
Wakuu, heshima zenu. Mwezi ujao tarehe 20 tunakutana tuliomaliza kidato cha nne 1998, shule moja ya bweni Tabora. Siitaji, waliopita pale wataijua kwa harufu ya maharage. Kwenye grupu la WhatsApp niliingizwa na mtu ambaye mpaka leo simtambui kwa picha, maana enzi zile shingo ilikuwa inaonekana. Mchango laki na nusu, nimeshatoa nusu. Tatizo si mchango.

Tatizo ni fomu. Kamati wanatengeneza kijitabu (na kazi ya kukichapa wamenipa mimi, kwa bei ya undugu, yaani hasara). Kila mtu ajaze: jina, bweni, jina la utani, kazi, ndoa, watoto. Vyote nimejaza. Chini kabisa wameandika MAFANIKIO, halafu mistari minne mitupu.

Sasa mjue mimi nina stesheneri. Fotokopi, picha za paspoti, kuchapa barua. Wasifu wa kuombea kazi namwandikia mtu kwa elfu tatu. Kijana anakuja hana kitu, alichowahi kufanya ni kupanga viti kwenye harusi ya binamu yake, namwandikia "uzoefu wa kuratibu shughuli za kijamii". Anaondoka kifua mbele, na wengine wanapata kazi kweli. Leo siku ya nne nimekaa mbele ya kompyuta hiyohiyo na mistari minne imenishinda.

Shuleni nilikuwa kipanga. Sijisifu, waliokuwepo watanisemea. Watu walikuwa wananiamsha saa nane usiku niwaelekeze fizikia kwa chemli, malipo vijiko viwili vya sukari. Divisheni wani ya pointi 11, nikachaguliwa PCM (fizikia, kemia, hesabu). Mzee akafariki, kidato cha tano nikasoma muhula mmoja, nikarudi nyumbani kushika duka na wadogo zangu. Wawili nimewafikisha chuo. Ndiyo imekuwa hivyo. Kwenye grupu kuna mkurugenzi, kuna kanali, na kuna mmoja kila asubuhi anatuma picha ya bahari bila neno lolote.

Mliokwisha kupita hapa, mlienda? Mliandika nini?

Bi Mdogo:
Mjasiriamali. Andika mjasiriamali uendelee na maisha yako. Nchi nzima ni wajasiriamali.

Saranda:
Umenikumbusha mbali sana wewe. Waranti ya treni mkononi, tranka begani, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe utadhani jeneza. Daraja la tatu mnapakiana, njuka, yaani wageni wa kidato cha kwanza, mnalala chini ya kiti, mwenye bahati analala kwenye kichanja cha mizigo juu. Mimi nilimaliza 1999, kwa hiyo yale mafuriko ya El Niño yalinikuta nikiwa kidato cha pili naingia cha tatu. Reli ikaharibika, tukafika shule wiki tatu baada ya wenzetu, na mwalimu wa zamu akatupa adhabu ya kung'oa visiki kwa kuchelewa. Tukamwambia mwalimu, ni mvua. Akasema mvua hiyo mbona wenzenu wa Urambo haikuwazuia.

Na kuku wa stesheni ya Saranda jamani. Kuku mmoja watu wanne, mnanunua kupitia dirishani treni inaanza kuondoka, chenji mnaachiana kwa Mungu.

Baharia Mstaafu:
Kuku alikuwa Manyoni. Saranda walikuwa wanauza mabawa na maneno.

Saranda:
Baharia, wewe treni umeipanda lini? Meli na reli wapi na wapi.

Baharia Mstaafu:
Nimesoma Tabora kabla hujazaliwa. Kuku wa Saranda ukimvuta mguu anavutika na wewe.

Kijana wa Zamani:
Mchapaji, kaa nikusimulie ili ujue usifanye nini.

Ya kwetu ilikuwa 2019, Dar, hoteli ya kule Mbezi. Mimi wakati huo nilikuwa nimepunguzwa kazi miezi minane, mke anajua, mama mkwe hajui. Nikasema siendi. Halafu akaingia kwenye grupu yule binti (kila shule ilikuwa naye, msijifanye) akaandika "natumaini wote mtakuja", na mimi nikajiona nimetajwa kwa jina. Nikakodi gari. Harrier nyeusi, laki na ishirini kwa siku, nikalipia na kuoshwa. Shati nikaazima kwa shemeji.

Nikafika kwa makusudi saa mbili usiku watu wote wamekaa, nikaegesha pale mbele kabisa ambapo taa inamulika. Nikashuka taratibu. Nikaweka funguo mezani, ile namna ya kuziweka kama zinakusumbua mfukoni. Watu wakanisogelea. Nikasema nipo kwenye biashara ya usafirishaji. Kitu ambacho si uongo, nilikuwa nasafirisha gari la watu.

Kulikuwa na jamaa mmoja tulikuwa tunamwita Kilaza, darasani hafungui mdomo, alikaa meza yangu usiku mzima. Mpole, ananichekea, ananiongezea soda. Akaniuliza gari inakula mafuta kiasi gani, nikamdanganya. Akaniuliza gia haigomi ukiwa mlimani, nikasema haijawahi. Akatikisa kichwa tu.

Asubuhi saa moja na nusu ujumbe unaingia simuni: "Ndugu, jana ilikuwa raha sana. Gari irudi kabla ya saa nne vijana wasikuhesabie siku ya pili. Na hiyo gia kweli inagoma, nilikuwa nakuuliza ili nijue kama ifanyiwe matengenezo."

Magari yale yote yalikuwa yake. Nimekaa kitandani na shati la shemeji, nikacheka mpaka mke akaamka.

Bi Mdogo:
Nimecheka hadi mtoto amekuja kuniangalia. Na yule binti?

Kijana wa Zamani:
Hakuja. Alikuwa na msiba.

Njuka 2016:
Wakubwa shikamooni. Sisi tumemaliza juzi tu na tayari grupu limekufa, limebaki la matangazo ya mikopo.

Mtu wa Darajani:
Mie niko Muskati mwaka wa 14 sasa. Wenzangu wa skuli walikutana Unguja siku ya pili ya Idi, wakaniambia usijali, tutakupigia kwa video ukae nasi. Nimevaa kanzu, nimepiga uturi, kama vile harufu itapita kwenye simu. Wakanipigia. Simu wakaiegemeza kwenye chupa ya chai nikawa nawaona wote, wamenenepa, wamekuwa wazee, machozi yananitoka. Mara mtu kamimina chai, chupa ikasogezwa, simu ikaanguka chali. Hakuna aliyeijali. Nimetizama pangaboi saa nzima na robo, naita "jamani, jamani", hawasikii, kelele.

Lakini nikawasikia wakinitaja. "Yule alokuwa akilia akiulizwa saba mara nane." Wakacheka wote.

Hamsini na sita. Naijua.

Saranda:
Hahaha, pole sana Sheikh. Pangaboi lilikuwa linazunguka au umeme ulikuwa umekatika?

Mtu wa Darajani:
Linazunguka na limelegea upande mmoja. Nilikuwa na khofu litawaangukia.

Ticha Mstaafu:
Vijana, nimewasoma. Ninyi mnaogopa wenzenu. Mimi nilifundisha miaka 31, naalikwa kama mgeni rasmi, na ninaogopa kuliko ninyi nyote.

Mara ya kwanza kualikwa alinijia mwanafunzi wangu mmoja, ana mvi kunizidi. Akanishika mkono hakuuachia. Akasema, "Mwalimu, ile sukari ya stoo mwaka 1987 sikuiba mimi." Nilimchapa mbele ya paredi, fimbo sita, nakumbuka mpaka sweta aliyovaa. Nikamwambia, "Najua." Na kweli nilijua, wiki ileile mwizi alipatikana, mpishi. Sikumwita kumwambia. Mwalimu akimwomba radhi mwanafunzi enzi zile ilikuwa kama paa limeanguka. Akasema "basi, mwalimu." Tukala pilau meza moja. Mpaka leo sijui "basi" ile ilikuwa ya kunisamehe au ya kuniacha.

Msema Kweli:
Mwalimu, viboko vile ndivyo vilivyotutengeneza. Watoto wa siku hizi ukimgusa anakushtaki.

Bi Mdogo:
Vimekutengeneza nini wewe, mbona unagombana na kila mtu humu.

Senene Mbichi:
Mchapaji, sikutaka kuandika, hilo la kijitabu ndilo limenitoa mafichoni. Mimi jina langu lilikuwemo kwenye kijitabu cha kwetu. Ukurasa wa mwisho, pana mshumaa umechorwa. Waliotangulia mbele za haki, namba saba.

Ngoja nianze mwanzo.

Nilifukuzwa shule kidato cha nne, mwanzoni mwa Mei 1996, kwa mimba. Mliosoma bweni la wasichana mnajua ile siku ya kupimwa: mstari nje ya ofisi ya metroni, mnaingia mmoja mmoja, anakubonyeza tumbo na vidole viwili anaangalia ukutani. Kwangu alibonyeza mara mbili. Jioni nikawa nimekabidhiwa barua, waranti ya treni mpaka Mwanza na nauli ya meli, kwetu ni Kagera. Sikuagana na mtu. Walikuwa prepo, wanajisomea. Mwenzangu tuliyelala naye dabo deka, mimi juu yeye chini, nilimwachia kipande cha sabuni ya mche juu ya godoro lake na nusu kopo la sukari.

Kufika Mwanza, miguu ikakataa kupanda meli. Baba yangu alikuwa mwalimu wa katekisimu. Nikakaa kwa shangazi, Igoma, anauza dagaa, nikamwambia tumefunga shule mapema. Alinitazama tumbo, hakuuliza, akanionyesha pa kulala. Barua ya shule ilishatangulia nyumbani kwa posta. Kwa hiyo baba anajua nimefukuzwa, anajua niko njiani, na sifiki.

Tarehe 21 Mei ikazama MV Bukoba. Mnaijua habari yenyewe, sitaki kuirudia.

Chaji inakata, narudi.

Saranda:
Wewe mama, chaji gani inakata hapo!

Kijana wa Zamani:
Nimevuta kiti. Mke wangu naye amevuta.

Msema Kweli:
Hii ni chai, tena ya maziwa. Meli ilikuwa inatoka Bukoba kwenda Mwanza. Wewe unasema ulikuwa Mwanza unakwenda Bukoba. Umejikanyaga mwenyewe.

Baharia Mstaafu:
Ni kweli ilikuwa inakuja Mwanza, ilizama asubuhi imekaribia kufika. Ilijaza watu kupita kiasi. Lakini Msema Kweli, mwache amalize, hajasema alipanda.

Msema Kweli:
Na hata hivyo, kufukuzwa ilikuwa utaratibu wa serikali. Shule haikumwonea mtu. Wangeachwa, bweni zima lingejaa.

Bi Mdogo:
Utaratibu ulimfukuza mpachika mimba pia? Taja hata mmoja. Na huo utaratibu serikali yenyewe iliufuta Novemba 2021, waraka ukatoka, msichana akijifungua anarudi darasani. Kwa hiyo serikali imeona, wewe bado hujaona.

Msema Kweli:
Sijasema hakuna makosa.

Bi Mdogo:
Umesema lingejaa bweni. Ujazo wa bweni ndio uliokuwa unakuuma?

Ticha Mstaafu:
Nimewahi kumsindikiza mmoja stesheni. Hatukuongea njia nzima. Endelea, binti.

Mchapaji wa Kahama:
Senene uko wapi? Hapa nimefunga mashine, wateja wamesimama nje.

Senene Mbichi:
Nimerudi. Msema Kweli, meli ilikuwa inatoka Bukoba, uko sahihi. Mimi nilitakiwa niwe naelekea kule. Lakini shuleni Tabora ilifika habari moja tu: yule aliyefukuzwa, wa Kagera, hajafika kwao, na meli imezama. Nani alikuwa na nafasi ya kuuliza meli ilikuwa inaelekea upande gani? Wenzangu walikuwa na miaka 17. Wakaimba, wakaomba rozari, wakanizika.

Baba alikuja Mwanza. Hili alinisimulia miaka mingi baadaye, sentensi moja moja. Alikwenda uwanjani ilikopangwa miili. Alifunua shuka za wasichana. Siku mbili. Hakuniona, akajua nimo majini, akarudi nyumbani kwa barabara. Na mimi muda wote huo niko Igoma, nasikia vilio barabarani wakipita kuzika, nachambua dagaa, sina akili ya kufikiri kwamba kuna mtu ananitafuta mimi. Nilidhani nimemtia aibu, kwa hiyo hanitafuti.

Shangazi ndiye aliyetuma mtu Julai. Baba alifika asubuhi, nipo uani, tumbo linaonekana. Nikapiga magoti kusubiri kipigo. Alinishika kichwa, akakibonyeza hivi huku na huku, kama mtu anayechagua tikiti. Akasema "ni wewe." Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaomba maji. Habari ya mimba hatukuizungumza mpaka mtoto alipozaliwa, na hapo alichouliza ni kama ananyonya.

Shuleni hatukuandika. Nani angeandika, na angeandika nini?

Mtu wa Darajani:
Subhanallah.

Senene Mbichi:
Sasa 2023 naona Facebook kuna kiungo, waliomaliza 1996 waingie grupu. Mimi sikumaliza, nikabonyeza hivyohivyo. Laini yangu imesajiliwa kwa jina la binti yangu, huyohuyo wa 1996, kwa sababu siku ya kusajili kitambulisho changu cha taifa kilikuwa bado. Kwa hiyo kwenye grupu namba haina jina, na nilipotuma mchango M-Pesa ikaleta jina lake. Mhasibu akadhani ni jina la ndoa la mmojawetu. Nami nikanyamaza, nilitaka kwanza niwaone. Nimefika hotelini Mwanza nimepewa kadi ya shingoni, jina la mwanangu.

Nikakaa meza ya nyuma. Wamezeeka vizuri. Nikawa nawatambua kwa vicheko. Mara mshereheshaji akazima muziki, mshumaa ukawashwa, akaanza kusoma. Namba moja, namba mbili. Wa nne nilikuwa sijui kama amefariki, nikalia kweli. Namba saba akasoma jina langu kamili na la ukoo, "aliyetutoka katika ajali ya MV Bukoba." Tusimame dakika moja.

Nikasimama. Ungefanya nini? Nikainamisha kichwa nikajikumbuka mwenyewe dakika moja nzima. Nilikumbuka sweta yangu ya kijani.

Pembeni yangu kuna mama analia kwa kwikwi, anajifuta na leso ya mezani. Nikamtazama sikio, lina kovu la hereni iliyochanika. Ni yule wa dabo deka, wa chini. Miaka 27 ananililia. Nikamsogelea nikamnong'oneza, "Nyamaza basi, mbona ulipokuwa unakoroma mimi sikulia."

Alipiga yowe ambalo nadhani Ukerewe walilisikia. Kiti kikaanguka, meza ikavutwa kitambaa, supu chini. Mshereheshaji, ambaye ni mlokole, akashika maikrofoni akakemea, "Shetani ashindwe!" Watu watatu walikimbilia nje, mmoja ni mkuu wa idara serikalini simtaji. Nikabaki nimesimama na kadi yangu ya jina la mtoto naeleza ukoo wangu kama niko polisi.

Kijana wa Zamani:
Naomba dakika moja ya kunyamaza na mimi.

Saranda:
Ikaishaje?

Senene Mbichi:
Wakanigusagusa. Wakanilisha kama mgonjwa. Halafu kamati wakaingia faragha, wana mgogoro: walikuwa wamechanga rambirambi kwa familia za marehemu wote tisa, laki mbili mbili, na bahasha yangu ipo imeshaandikwa. Irudi mfukoni au itolewe? Mwenyekiti akasema katiba ya grupu haisemi. Wakaniletea.

Nikapokea. Rambirambi yangu mwenyewe, nimesaini mwenyewe. Nilinunua godoro.

Msema Kweli:
Nafuta neno chai.

Bi Mdogo:
Futa na la bweni.

Msema Kweli:
Na la bweni.

Baharia Mstaafu:
Mama, na aliyekupa mimba? Alikuwepo?

Senene Mbichi:
Alikuwa dereva wa lori la kuni za jikoni. Hakuwa wa kualikwa.

Njuka 2016:
Mimi naanza kulipenda grupu letu.

Wa Unyanyembe:
Kwa mleta mada, ushauri wangu: kula kabla hujaenda. Chakula cha sherehe hizi kinafika saa tano usiku na wenye sauti ndio wanaanza kupakua.

Kijana wa Zamani:
Usiende na mke.

Bi Mdogo:
Nenda na mke. Asiyeenda na mke anarudi na namba.

Saranda:
Ukifika wahi kukaa karibu na mlango. Wakianza mchango wa papo kwa papo wa kujenga ukumbi wa shule unatoka kupokea simu.

Wa Unyanyembe:
Kuhusu mafanikio, aliyefikisha wadogo zake wawili chuo aandike hivyo. Mimi kaka yangu alinisomesha na hakuwahi kuandikwa popote. Nasema tu.

Msema Kweli:
Asiandike. Hayo ni mambo ya ndani ya familia, ukiyaandika utaonekana unawadai.

Ticha Mstaafu:
Aandike.

Baharia Mstaafu:
Aache wazi. Mistari mitupu ina heshima yake. Halafu Saranda, ile SGR, treni ya umeme, siku hizi inatoka Dar inafika Dodoma hujamaliza hata usingizi, na wala huwezi kununua kuku dirishani. Sasa ugomvi wetu huu tutamwachia nani?

Saranda:
Hapo kwa mara ya kwanza tumekubaliana. Kuku wa Manyoni alikuwa anakulika.

Mchapaji wa Kahama:
Wakuu, nimewasoma wote, Mungu awabariki. Fomu bado sijajaza, msinicheke.

Jambo jingine limenishika tangu jana usiku nilipomaliza kusoma ya Senene. Kamati walishanitumia kijitabu nichape nakala 60, na ukurasa wa mwisho upo. Majina kumi na moja. Juzi niliyapanga bila kuyasoma, nikatafuta picha ya njiwa nikaweka juu, nikachagua herufi za mlazo. Jana nikaurudia nikiwa na kalamu. Nikaanza kupiga simu. Namuuliza mtu, huyu ulimzika? Ananiambia hapana, niliambiwa na fulani. Nampigia fulani, naye aliambiwa.

Wanane nimewapatia watu waliofika msibani. Wa tisa kaka yake amepokea simu mwenyewe, akanishukuru kwa kuuliza. Wa kumi alifia Kigoma, padri anakumbuka. Amebaki mmoja. Tulikuwa tunamwita Radi. Winga wa kulia, miguu ya matege, kwao Nguruka, mama yake alikuwa anauza samaki wakavu stesheni na treni ikipita kwenda Kigoma tulikuwa tunamtupia salamu. Aliacha shule kidato cha tatu kwa kukosa ada. Wote niliowauliza wanajua kwamba amekufa. Hakuna anayejua mwaka.

Nimemtoa kwenye ukurasa. Mwenyekiti amekasirika, anasema tusije tukamsahau marehemu. Nimemwambia mashine imeharibika, nipo nasubiri fundi.

Kuna mtu wa Nguruka humu?

Wa Unyanyembe:
Nina shemeji yangu ana mashine ya kusaga pale karibu na stesheni. Jina kamili nitumie faragha. Kesho mnadani wanakuwepo watu wa vijiji vyote, nipe mpaka Jumatatu.